Lita Tatu

Lilianzia ukutani, kwa chaki,
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa, Masese, Jinja:
mstari mmoja, kama mgongo wa paka apitaye chini ya uzio.
Balikowa akarudi hatua mbili, akafuta pua kwa mkono wa grisi,
akasema, "Hili hapa. Limebaki kutoka tu."

Lilichukua miaka miwili na miezi minne kutoka.

Fremu tuliichomelea kwa vyuma vya vitanda vya bweni
(shule ilikuwa imenunua vipya, vya mbao).
Injini ilitoka kwenye Subaru iliyobingirika Mabira,
rejeta yake bado imeshikilia majani ya msitu.
Mwili ni faiba, tabaka saba;
wiki nzima tulijikuna hata usingizini.
Bawa la nyuma lilikuwa bango la benki iliyofilisika,
ukiinama ungesoma AKI,
mabaki ya AKIBA.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari.
Kilo, joto la oili, upepo wa tairi, sekunde.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mwandiko mzuri,
basi wakaniita Injinia.

Jina halikupewa. Kwenye fomu ya usajili
Balikowa aliandika: Gari la Majaribio, la Kwanza.
Ukiandika la kwanza, umeshaahidi la pili.

Dereva ni Naigaga.
Miaka sita alivuta miwa Kakira,
matela manne nyuma ya trekta moja,
akijua kwa makalio ni tela lipi linataka kulala.
Siku ya majaribio, kwenye uwanja wa ndege wa zamani,
watoto wakifukuza ng'ombe kwa ujira wa mandazi,
alizunguka mara tatu, akashuka, akatema vumbi.
"Nyuma linaniuliza maswali," alisema. "Mbele halinijibu."
Tukasogeza betri. Tukasogeza kiti.
Tukamsogeza hata yeye, sentimita nne,
mpaka magoti yakagusa usukani.
Akarudi anacheka. "Sasa tunaongea."

Mashindano matano, ndiyo maisha yake yote.
La kwanza: klachi, mzunguko wa pili.
La pili: tulizuiwa getini, karatasi haina mhuri.
La tatu: tulikuwa wa tisa, na tukala kuku kama wa kwanza.
La nne: jiwe. Rejeta. Kimya.

La tano, Garuga, Desemba, mizunguko ishirini.
Mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi
na magari ya pesa, yale ya kushushwa kwenye kontena,
yalikuwa yanateleza kama wageni kwenye sakafu ya mkwe.
Naigaga aliyapita moja moja, bila haraka,
kama anayehesabu chenji.
Mzunguko wa kumi na mbili hakuna aliyekuwa mbele yake.
Mtangazaji alitafuta jina kwenye orodha, akalikosa,
akapayuka tu: "Lile la vitanda! Lile la vitanda!"

Wa kumi na tisa, kwenye kona ya chini,
likakohoa mara moja, kwa adabu,
likasimama.

Balikowa alifika wa kwanza. Akafungua nyuma, akachungulia,
akanitazama mimi, si injini,
kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:
"Pampu. Pampu imekufa."
Akaing'oa palepale, mbele ya watu.

Sikiliza.
Usiku ule, kwa mwanga wa simu, nilipiga hesabu:
lita thelathini na tatu.
Asubuhi nikatia thelathini.
Lita tatu ni kilo mbili na kitu. Nilitaka liwe jepesi.
Nilitaka lishinde kwa mwandiko wangu.

Injini iliuzwa, ililipa deni la faiba.
Naigaga anaendesha lori la saruji; akipita Masese
hupiga honi mara mbili, sijui anampigia nani.
La pili halijatoka ukutani.

Na daftari hakuliomba hata siku moja.
Jioni ile alinipa pampu, imefungwa kwenye kitambaa, akaenda zake.
Niliificha miaka tisa.
Juzi nimeiunga kwenye betri, nikaitumbukiza kwenye kopo la petroli.

Inavuta. Inavuta vizuri sana.